Mtoto na Fedha ya Msimu

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike machache juu ya jambo la hesabu litakalowafaa wanafunzi hata nje ya darasa. Nimeonelea vema niandike juu ya fedha, yaani namna mtoto awezavyo kufundishwa kuichuma, kuihesabu na kuithamini. Mimi si mtu wa benki. Ni mwalimu wa hesabu tu, mzaliwa wa Ruangwa, niliyekulia nusu huko na nusu Nachingwea, na mengi ya haya nitakayoyasema nimeyapata kwa mama yangu kuliko chuoni.

Kila mwaka naona jambo lile lile. Mwezi wa kumi na moja, korosho zinapouzwa, wanafunzi wengi huonekana na viatu vipya, saa mpya, na fedha ya kununua andazi kila mapumziko. Mwezi wa pili, mwanafunzi yule yule huja kunong'ona mlangoni kwangu kuwa hana daftari la hesabu, na nyumbani wamemwambia angoje. Nikimpa hesabu ya faida na hasara ubaoni, huipata bila taabu. Basi kosa lake si kutojua kujumlisha. Kosa ni kwamba hakuna aliyemfundisha hesabu ya fedha ya kwetu.

Fedha ya kwetu ina tabia yake. Karani wa mjini hupata mshahara kila mwisho wa mwezi. Akikosea mwezi huu, atajirekebisha mwezi ujao. Mkulima wa Nachingwea na Ruangwa hapati hivyo. Ufuta humpa fedha mwezi wa sita na wa saba, mbaazi hufuata, na korosho huanza Oktoba. Kisha mvua hunyesha, chakula cha ghalani hupungua, palizi yaanza, na kuanzia Januari hata Machi hakuna cha kuuza. Akikosea, hungoja mwaka mzima ndipo ajirekebishe. Kwa hiyo mtoto wa huku hapana budi ajifunze mapema kuhesabu fedha pamoja na miezi.

MAJINA YA FEDHA

Kabla sijaendelea, tazameni majina tunayoitumia fedha, maana kila jina lina historia yake. Fedha ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini meupe ya thamani. Pesa latokana na paisa ya Bara Hindi, ambayo ilitumika pwani yetu pamoja na rupia. Wadachi walipotawala, rupia yao ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 wakabadili, rupia moja ikawa na heller 100, na hapo ndipo tulipopata neno hela, ambalo hata leo latumika kila kijiji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walileta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, yenye senti 100. Senti ndogo zilikuwa na tundu katikati. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, nasi tukawa na shilingi yetu wenyewe.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Rupia ilikuja ikaondoka, heller ikaja ikaondoka, shilingi ya Afrika Mashariki nayo ikaondoka. Mnazi, mkorosho na mikono ya watu vilibaki. Mtoto akilijua hilo, hataiogopa fedha wala kuiabudu. Ataiona kuwa ni alama ya kazi iliyofanywa, na kwamba kazi ndiyo inayotangulia.

KUCHUMA

Mtoto wa kwetu hahitaji kutafutiwa mfano wa kazi. Msimu wa korosho huokota zilizoanguka, huzitenga na mabibo, huzianika juani, na hujifunza kuwa korosho iliyoanikwa vibaya hushushwa daraja, na bei yake hushuka vilevile. Hilo ni somo kamili la uchumi: vitu viwili vyenye uzito mmoja vyaweza kuwa na bei mbili, kwa sababu kimoja kimetunzwa na kingine hakikutunzwa.

Lakini wazazi wengi hukosea hapa. Mtoto huokota wiki nzima, korosho zikauzwa, naye asijue zilikuwa kilo ngapi wala zilileta nini. Huona tu nguo mpya. Basi hujifunza kuwa fedha hutoka mfukoni mwa baba kama maji yatokavyo kisimani. Yafaa mtoto aambiwe: zile ulizookota wewe zilikuwa kilo kadha, bei ilikuwa kadha, nazo ndizo zilizonunua kitu fulani. Tena kazi hiyo iwe ya saa za nje ya shule. Mtoto anayekosa masomo ili aokote korosho hula mbegu. Atashiba leo, mwakani hana cha kupanda.

KUHESABU

Sasa nitaeleza kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha zaidi kuliko kitabu chochote.

Nilikuwa darasa la tano, katika miaka ya 1990. Baba alikuwa amekwenda Liwale kutafuta kazi, na siku ile mama alikwenda msibani kijiji cha pili. Nyumbani tulibaki mimi na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa aanze darasa la kwanza Januari. Mnunuzi mmoja akaja uani na baiskeli yake, magunia, na bakuli. Akasema bei ni shilingi 200 kwa kilo, na bakuli lake ndilo kilo. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuonyesha kuwa nami ni mwanamume wa nyumba. Tukapima bakuli 30. Akanihesabia shilingi 6,000. Nami nikazihesabu tena mbele yake, noti kwa noti, mara tatu, nikamwambia zimetimia. Nilijiona mjuzi mno.

Mama aliporudi nikampa fedha huku nikicheka. Hakusema neno. Akatafuta bakuli la kadiri ile, akalijaza korosho zilizosalia, akanishika mkono, tukaenda dukani kuliweka kwenye mizani. Lilikuwa kilo moja na robo. Tukarudi nyumbani akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma, mimi sikusoma. Haya nipigie hesabu." Nikapiga. Bakuli 30 zilikuwa kilo 37 na nusu, si kilo 30. Thamani yake ilikuwa shilingi 7,500. Nilikuwa nimempa yule bwana shilingi 1,500 bure, nikamshukuru juu yake.

Shilingi 1,500 zile ndizo zilizopungua katika sare ya mdogo wangu. Aliingia darasani wiki tatu baada ya wenziwe, akakuta wamekwisha jifunza kuandika majina yao. Leo ni mtu mzima mwenye watoto, na bado akitaka kunikomesha huniita Bwana Bakuli.

Hapo ndipo nilipojua kwamba katika biashara hesabu ni mbili: ya mkono unaopokea na ya mkono unaotoa. Mimi nilihesabu fedha, sikuhesabu korosho. Watoto wetu twawafundisha hesabu ya mkono unaopokea tu.

Biashara ya namna ile, ya kununua kwa bakuli au kumkopesha mkulima kabla ya msimu ili alipe korosho kwa bei ya kutupa, huku kwetu huitwa kangomba, na serikali imeikataza. Tangu mwaka 2007 korosho zilianza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi za ghala, kwanza Mtwara na kisha sehemu nyingine. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, ambacho watu hukiita AMCOS; hupimwa kwa mizani, hupewa stakabadhi, mzigo huenda ghala kuu, na wanunuzi hushindana kwa bei mnadani. Vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale vimeungana katika chama kikuu kiitwacho RUNALI. Fedha huingia katika akaunti ya mkulima baada ya makato.

Mfumo huo ni mwema kuliko bakuli, lakini wahitaji mtu anayejua kusoma. Ndugu mwanafunzi, je, umewahi kuisoma stakabadhi ya baba yako au mjomba wako? Umeona uzito, daraja na bei? Umeyahesabu makato ukajua ni ya nini? Wewe ndiwe msomi wa nyumba. Mzee akiitia stakabadhi mfukoni bila kusomewa, elimu yako haijafika nyumbani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

MAFUNGU KUMI NA MAWILI

Usiku ule wa bakuli, mama hakunipiga. Alitandika mkeka, akamwaga korosho 60, akasema kila moja ni shilingi mia, na zote pamoja ni zile 6,000 nilizoleta, tena ndizo fedha za mwisho za msimu. Akaniambia nizigawe kwa mahitaji ya nyumba. Nikagawa: hizi za sare, hizi za chumvi na mafuta ya taa, hizi za sabuni, hizi za jembe, hizi za Krismasi. Zikaisha, nikafurahi kuwa zimetosha.

Mama akatazama mkeka kitambo, kisha akasema, "Vema. Sasa nionyeshe mwezi wa pili."

Sikuwa na mwezi wa pili. Nilikuwa nimezimaliza zote kabla ya Januari.

Akazikusanya tena, akaniambia nianze kwa kuweka mafungu kumi na mawili, la kila mwezi, hata kama ni korosho mbili mbili tu, ndipo nitafute cha kununua katika zitakazosalia. Mambo mengi yakakosa nafasi. Krismasi ikawa ndogo. Lakini kila mwezi ulikuwa na chake, na mwezi wa pili ulikuwa na zaidi ya wenzake, maana mama alijua njaa hukaa wapi.

Mimi nawafundisha wanafunzi wangu hesabu hiyo hiyo kwa tarakimu za leo. Tuseme nyumba moja imeuza kilo 240 za korosho, na bei ni shilingi 3,000 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 720,000. Mtoto akisikia hivyo huona nyumba ni ya tajiri. Tuseme makato ni shilingi 200 kwa kilo. Zaondoka 48,000, zabaki 672,000. Tutoe 96,000 za salfa ya kuzuia ubwiriunga na za palizi, maana shamba lisipohudumiwa mwakani hakuna korosho. Zabaki 576,000. Gawa kwa miezi 12, kila mwezi wapata 48,000. Gawa kwa siku 30, kila siku yapata shilingi 1,600.

Zile laki saba zimekuwa shilingi 1,600 kwa siku, za nyumba nzima. Sasa mtoto akiomba soda ya shilingi 800, usimwambie kuwa ni mlafi. Mwambie ahesabu, naye atajua mwenyewe kuwa anaomba nusu ya siku ya watu wote wa nyumbani. Pengine bado ataitaka, na pengine mtampa, lakini ataijua bei yake ya kweli.

HATA WAKUBWA HUKOSEA

Mwanafunzi asidhani kuwa kosa la kutohesabu ni la wasiosoma tu. Hapa hapa Nachingwea palitokea mfano uliojulikana dunia nzima. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ukatungwa mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, eka zaidi ya milioni tatu, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, misitu ikang'olewa, reli ikajengwa kutoka pwani hata Nachingwea. Wakubwa walikuwa wamekwisha hesabu tani za karanga kabla ya kuujua vema udongo, mvua na ugumu wa visiki. Januari 1951 mpango ukatangazwa kuachwa, na hasara ilikuwa kadiri ya pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962, na mataruma yakang'olewa.

Watu wale walikuwa na wahandisi na wahasibu. Walijua kujumlisha kuliko mimi na wewe. Lakini walihesabu fedha ambayo haijapatikana, kama mtu anayekopa dukani kwa ahadi ya korosho zilizo bado maua. Nasi tulionywa tena si zamani. Novemba 2018 bei za mnadani zilipoonekana kuwa ndogo, serikali ilitangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa njema, lakini malipo ya wakulima wengi yalichelewa. Aliyekuwa amekwisha kukopa kwa kutazamia fedha hiyo alipata taabu. Aliyekuwa na fungu la akiba alingoja kwa utulivu. Basi mtoto afundishwe: fedha isiyofika mkononi haina fungu juu ya mkeka.

KUTHAMINI

Namba iliyoandikwa juu ya noti ni jambo moja, na thamani yake ni jambo jingine. Mwaka 1966 noti iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100. Leo shilingi 100 ni sarafu ya mtoto, na noti kubwa ni ya shilingi 10,000 yenye picha ya tembo. Bei za vitu zapanda mwaka hata mwaka, na kwa hiyo fedha iliyolala chini ya godoro yapungua nguvu ingawa hakuna aliyeiiba.

Pengine hufa kabisa. Benki Kuu ilitangaza kuwa noti za zamani, zilizotolewa tangu mwaka 1985 hata 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kati ya tarehe 6 Januari na tarehe 5 Aprili 2025. Baada ya siku hiyo hazikuwa fedha halali tena. Mzee aliyefukia noti hizo katika kopo, asiwe na mtu wa kumsomea tangazo, alibaki na karatasi zenye picha. Ndiyo maana nasema akiba haiozi ikiwekwa mahali pake: katika akaunti, katika mbuzi na kuku, katika bati la nyumba, katika ada ya chuo.

Ipo pia fedha ya simu, ambayo mtoto haioni kabisa. Baba abonyeza, na mchele waja. Hapa hatari ni kubwa zaidi, maana mtoto hudhani simu yenyewe ndiyo inayozaa fedha. Mpeni mtoto ausome ujumbe kila mnapotuma au kupokea: zilikuwa ngapi, zimetoka ngapi, ada ni ngapi, zimebaki ngapi. Ila namba ya siri asipewe.

YA KUFANYA NYUMBANI

Wengi wenu mna wadogo zenu. Likizo ijayo jaribuni haya, wala hayana gharama.

Kwanza, mtoto wa miaka mitano au sita apewe sarafu azitenge kwa aina yake, kisha atumwe chumvi dukani, arudi na chenji, aihesabu mbele yenu. Akikosea asipigwe. Arudie.

Pili, mtoto wa miaka minane au tisa afundishwe mizani. Apime debe, apime bakuli, aone kwa macho yake kuwa chombo si uzito.

Tatu, mtoto wa miaka kumi na kuendelea apewe kitu chake cha kutunza: kuku mmoja, au mkorosho mmoja. Awe na daftari dogo, upande mmoja mapato, upande wa pili matumizi. Asipewe ushauri mwingi. Aruhusiwe kukosea angali na kuku mmoja, kuliko kukosea akiwa na shamba zima.

Nne, nyumba nzima ikae mkekani siku fedha ya msimu iingiapo, kabla ya mtu yeyote kwenda dukani, kabla ya kupanga harusi au unyago. Yawekwe mafungu kumi na mawili. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye ayahesabu.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Mama yangu ni mzee sasa, na macho yake hayaoni vema. Msimu uliopita nilimpelekea fedha kidogo, nikamweleza zitanunua hiki na kile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaniuliza swali lile lile la mkekani. Safari hii nilikuwa na jibu. Nami nawatakia ninyi nyote, wanafunzi wa shule hii, mwezi wa pili mtakaporudi darasani, kila mmoja awe na daftari lake.